Idadi ya Wanufaika

Siku shangazi aliponiuliza maana ya neno "mnufaika", nilijifanya natafuta chaja.

Tulikuwa tumekaa barazani kwake, mwendo wa nusu saa kutoka kriki, na alikuwa ameshika ripoti ya mwaka ya lile shirika. Karatasi nzito za kung'aa. Picha yake iko ukurasa wa sita: ameinama topeni, leso imekazwa kiunoni, mche wa mkoko mkononi. Chini ya picha pana mstari mmoja wa Kiingereza. Shangazi husoma Kiswahili bila shida ila Kiingereza kinamchosha, kwa hivyo akanipa mimi. Nikamtafsiria: mmoja wa wanufaika wetu wa kike akipanda mikoko.

"Mnufaika ni nani?"

"Ni mtu anayefaidika, shangazi. Anayesaidiwa."

"Anayesaidiwa na nani?"

Hapo ndipo chaja ilipopotea. Ule mstari nilikuwa nimeuandika mimi.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Nilitoka chuo mwaka wa 2021, nikiwa mwaka wa tatu. Sikufukuzwa wala sikufeli. Salio la karo lilifika mahali ambapo kulitazama kwenye simu kulikuwa kujitesa bure, na kazi niliyokuwa nayo, ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao kwa malipo ya kila ukurasa, ilitosha unga na kodi ya chumba, basi. (Kuna watu Marekani wana shahada zenye jasho langu ndani. Mimi sina hata moja. Nacheka nikikumbuka, lakini si kila siku.) Nikarudi Kilifi na begi moja. Wiki ya pili mkurugenzi wa shirika akanipigia simu: amesikia niko nyumbani, amesikia naandika Kiingereza kizuri, wana ripoti imekwama.

Ningekataaje? Nilihitaji pesa, sawa, lakini si hilo tu. Karo ya mwaka wangu wa kwanza ililipwa na basari ya shirika hilohilo. Kwenye ripoti niliyopewa kumalizia kulikuwa na jedwali la vijana waliofadhiliwa kusoma elimu ya juu. Nilijihesabu nikajikuta nimo. Jedwali halikuwa na safu ya walioacha. Nikaiacha namba ilivyo, nikajisahihisha nukta na mkato, nikatuma.

Jina la shirika sitalitaja, maana bado lipo na watu wake ni majirani zetu. Ila nitasema lilivyoanza, kwa sababu kwenye tovuti yake hadithi inaanzia na ufadhili wa kwanza, na huko si mwanzo.

Mwanzo ni akina mama 22 na mchezo wa pesa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kutoka bara hadi baharini. Mwache, kule karibu na Mombasa, ndiko kunakotajwa sana na wataalamu: tope lilifukia ile mizizi ya mikoko inayochomoza juu kuvuta hewa, na miti ikafa imesimama. Kwetu nako kuna kipande kilikufa hivyo. Kilichowaudhi akina mama hakikuwa mabadiliko ya tabianchi. Maneno hayo yalikuwa hayajatufikia. Kaa walipungua. Kamba nao. Na wao ndio waliokuwa wakinunua kwa wavuvi, wanakaanga, wanauza barabarani. Kwa hivyo kila walipokutana, mwenye zamu akishapewa pesa zake, waliteremka kriki wote kwenda kupanda.

Mkoko ni mti wa ajabu. Mbegu yake humea ikiwa bado juu ya mti, inarefuka kama kalamu ya kijani, na siku ikianguka tayari ni mche. Kitalu cha nini? Unaokota, unachomeka topeni. Ugumu uko katika kujua wapi. Mlilana hupenda kusimama mbele kabisa, bahari inapoanzia. Mkoko unaufuata. Mkandaa ni wa nyuma, kunakokauka. Mchu, shangazi anasema, ni kama mgeni asiye na haya, utamkuta mbele na utamkuta nyuma. Hawakufundishwa na mtu. Walitazama visiki, wakarudisha kila mti ulipokuwa, na walipokosea miche ilikufa wakajua wamekosea.

Shangazi ndiye aliyekuwa na daftari. La kurasa 96, jalada lake sasa limeliwa na mende. Humo ameandika nani alikuja, nani alimtuma mtoto, bamvua lilikuwa lini, miche mingapi ilichomekwa na, safari iliyofuata, mingapi imeshika. Hiyo safu ya mwisho ikumbuke.

Walipotaka cheti cha kikundi, ofisa akawaitisha katiba. Katiba hawakuwa nayo. Wakaazima ya kikundi cha mazishi, wakabadilisha jina juu. Nimeiona nakala. Kifungu cha tisa bado kinaeleza nani atagharamia jeneza.

Mambo yangeweza kukaa hivyo miaka mingi, na pengine vikundi vingi hukaa hivyo mpaka wenyewe wazeeke. Lakini mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, enzi za mkoloni, kwa hivyo kwa sheria kavu akina mama walikuwa wakilima shamba la mtu mwingine. Mkata boriti akija na panga lake, wangemwambia nini? Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyofungua mlango, ikakubali jamii ziunde vyama na kusimamia misitu pamoja na serikali. Mlango wenyewe ni wa karatasi: usajili, mpango wa usimamizi, makubaliano yenye sahihi. Hapo ndipo walipomtafuta mtu wa kuandika. Wakampata mwalimu kijana, wakamfanya katibu. Leo ndiye mkurugenzi.

Sitaki kumchora kama mwizi. Ingekuwa rahisi, na hadithi ingependeza, lakini si kweli. Alifanya kazi. Alilala ofisi za watu mpaka makubaliano yakapatikana, na ukikata boriti leo pale kwetu utakamatwa. Basari alizianzisha yeye. Nilichojifunza nikiwa nimekaa karibu na meza yake ni kwamba kikundi kinaweza kubadilishwa mpaka kisitambulike bila mtu yeyote kufanya ubaya unaoweza kuuonyesha kwa kidole. Inatosha kila fomu kujazwa vizuri.

Chukua suala la miche. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, akina mama walikuwa wakilipwa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika, si kwa kila mche uliochomekwa. Wasimamizi wa misitu wa wakati huo walimwambia upanzi wa miti unataka watu wenye diploma. Hilo huniburudisha kila nikilikumbuka, mimi nisiye na diploma. Sasa sisi, mfadhili wetu wa kwanza mkubwa aliuliza swali moja: mtapanda miche mingapi kwa mwaka? Na ukiulizwa hivyo, unapanda. Mahali pazuri palishajaa, kwa hivyo wakahamia kwenye tope tupu la mbele, ambako gari linafika karibu na picha inatoka safi, bahari nyuma, mashati ya rangi moja. Shangazi aliwaambia hapo mkoko hauwezi, maji yanakaa juu yake muda mrefu mno. Akaambiwa mtaalamu amekuja na ramani. Miche ikapandwa, ikashikwa na vigamba vigumu kama vya chaza, ikainama, ikafa. Mwaka uliofuata ikapandwa tena palepale. Kwenye ripoti ni miche mingi mno, na hakuna uongo ndani yake. Kweli ilipandwa. Ni ile safu ya mwisho ya daftari ndiyo iliyoachwa nje.

Mengine yalikuja polepole. Mkutano ulihama kutoka chini ya mwembe hadi hoteli mjini, kwa sababu mkaguzi anataka stakabadhi na mwembe hautoi stakabadhi. Lugha ya mkutano ikahama nayo. Ikaundwa bodi, na kwenye bodi wakaingia wanasheria na wahasibu, watu wazuri, wenye namba za simu za watu wengine wazuri. Akina mama waliokuwa wakiteremka kriki bure wakaanza kupewa posho ya siku. Nani atakataa posho? Mimi ningeichukua. Lakini mtu akishalipwa kwa siku, siku asipoitwa haendi. Na akishatia sahihi fomu ya vibarua, basi yeye ni kibarua, hata kama cheti cha kwanza kina jina lake.

Kisha nikaja mimi na Kiingereza changu.

Kazi ya kuandika maombi ya ufadhili ina siri moja ambayo nilishaijua kwenye zile insha za ng'ambo: anayelipa ana rubriki yake, nawe unaandika kwa rubriki. Fomu ina kisanduku cha tatizo, kisanduku cha suluhisho, na kisanduku cha idadi ya wanufaika. Hakuna kisanduku cha watu walioanza kabla yako na wanaojua kukushinda. Ukiandika kwamba akina mama hawa wamepanda mikoko zaidi ya miaka 20 bila msaada, unasoma sentensi yako na kuona umejiharibia: sasa pesa ni za nini? Kwa hivyo unawashusha kidogo. Unaandika "akina mama wenye uelewa mdogo wa mazingira". Hiyo nayo niliandika mimi. Ombi lilipita. Nilinunua godoro.

Mwaka wa 2023 nilikwenda Gazi, kule Kwale, kwa nauli yangu mwenyewe. Nilivuka feri ya Likoni, nikapanda matatu ya Lunga Lunga, nikashuka barabarani na kutembea. Nilikuwa nimesoma sana kuhusu Mikoko Pamoja na nikataka kuona kwa macho. Mikoko ya Gazi ilikatwa sana miaka ya 1970 kuwa kuni za viwanda. Upanzi wa majaribio ukaanza mapema miaka ya 1990, watafiti na wanakijiji pamoja, na kituo cha utafiti wa bahari kiko palepale kijijini. Uuzaji wa hewa ya ukaa haukuanza mpaka 2013. Hesabu hiyo miaka. Zaidi ya 20 kati ya kuchomeka na kuuza. Na msitu unaouzwa si mkubwa, hekta 117 tu, hewa ya ukaa kama tani 3,000 kwa mwaka. Kuna shirika dogo la hisani huko Scotland linalotafuta wanunuzi, lakini kamati ni ya wanakijiji wa Gazi na Makongeni, na pesa zikija ni vijiji vinavyoketi kuamua: maji, vitabu vya shule. Mwaka wa 2017 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mwaka wa 2019 mradi kama huo ukaanza Vanga, kubwa zaidi, zaidi ya hekta 400, na badala ya Gazi kujitanua mpaka Vanga, watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakawa na wao wenyewe.

Nilitembea kwenye lile daraja la mbao la akina mama wa Gazi, katikati ya mikoko, maji yakiwa yamepwa, kaa wakinitazama. Sitasema kule ni peponi. Bei ya hewa ya ukaa inaamuliwa mbali, na mnunuzi akichoka kijiji kitahisi. Lakini nilikuwa nimekuja na swali moja, kama kikundi kinaweza kukua bila wenyewe kugeuka wageni wake, na nikaona kwamba angalau inawezekana ukubwa wenyewe ukakataliwa. Wale walibaki na hekta zao 117. Sisi tulikuwa na ofisi mjini, gari, wafanyakazi 11, na hakuna aliyeweza kuniambia tunasimamia hekta ngapi zilizo hai.

Nilirudi nikaandika hayo kwenye barua pepe ndefu kwa mkurugenzi. Alinijibu vizuri sana. Alisema ni mawazo yenye tija na tutayajadili. Nikaendelea kuandika ripoti.

Ilipofika Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na siku hizo zilipokwisha miradi mingi haikurudi. Sisi hatukuwa tunapokea moja kwa moja, tulikuwa tunapata kupitia shirika kubwa la Nairobi, nalo likapiga simu siku ya Ijumaa. Kufikia Aprili wafanyakazi 11 walikuwa watatu. Gari likaegeshwa chini ya ule mwembe wa zamani, na kuku wa jirani wakapata pa kulala. Mimi, kwa kuwa sikuwahi kuajiriwa, sikuweza kufutwa. Faida ya kazi za vibarua.

Mkurugenzi akaniita. Sasa ni hewa ya ukaa, akasema. Gazi wanaweza, kwa nini sisi tusiweze? Na hakuwa amekosea. Lakini sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa mwaka wa 2023, na sasa mradi wa namna hiyo hauanzi bila makubaliano ya maendeleo na jamii. Kwa miradi ya ardhini, jamii inatakiwa kupata angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, gharama zikishatolewa. Ukishaandika asilimia 40, mtu lazima aulize: jamii ndiyo nani? Orodha iko wapi? Tulipekua ofisi nzima. Tulikuwa na orodha za semina, orodha za posho, orodha za fulana kwa saizi. Orodha ya waliopanda hatukuwa nayo.

"Shangazi yako," mkurugenzi akasema, huku akitazama dirishani, "si alikuwa na daftari?"

Nilikwenda jioni. Nilimkuta anachambua mchele. Nilikuwa nimepanga kuanzia mbali, niulizie mgongo wake, niulizie mvua. Badala yake nikamwambia kwamba ule mstari chini ya picha yake niliuandika mimi, na ule wa uelewa mdogo wa mazingira pia, ambao hakuwa hata ameusikia. Nikamtafsiria wote. Alichambua mchele kwa muda.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Ile siku ulitafuta chaja na waya uko shingoni."

Kisha akauliza nililipwa ngapi. Nikamwambia. Akaguna, na sikujua anaguna kwa kuwa ni nyingi au kwa kuwa ni kidogo.

Daftari hakunipa. Alisema halitoki nyumbani kwake, si kwangu, si kwa mkurugenzi, si kwa bodi. Anayelitaka aje akae hapa barazani anakili, na siku ya kutia sahihi hayo makubaliano mkutano uwe chini ya mwembe, kwa Kiswahili, na gari waliondoe kwanza. Nilimpigia mkurugenzi palepale nikampa simu waongee. Waliongea kama dakika 20. Sikusikia upande wa pili, nilimsikia shangazi tu akisema "la" mara nyingi, bila kupandisha sauti.

Nikafungua laptopu nikaanza kunakili chini ya taa. Alisoma jina, nikaandika jina. Wengine niliwajua, wengine nilijua wajukuu wao. Kila baada ya majina machache alisita, akasema huyu hayuko tena, kisha akasoma linalofuata. Hayati walikuwa saba kati ya 22. Nikamwambia fomu inataka walio hai. Akaniambia niandike.

"Lakini shangazi, kuna safu ya nambari ya simu. Isipojazwa, mfumo unakataa. Hawa saba nitawajazia nini?"

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya leso.

"Weka yangu," akasema. "Wakitafutwa, nitapokea mimi."